Mtu asiyesali na mtu asiye na utu: kusoma upya mafundisho ya Bwami

1. Swali lenyewe

Ndugu msomaji, hapa kwetu Kivu mtu akifika mahali pageni, baada ya kuulizwa jina na ukoo, swali linalofuata ni hili: "Unasalaka wapi?" Anayetafuta nyumba ya kupanga anaulizwa. Kijana anayeenda kuposa anaulizwa. Mwalimu anayeomba kazi naye anaulizwa. Jibu likikosekana, watu wanaangaliana. "Ule mutu hasalake, mumuchunge." Hakuna aliyemwona akiiba, hakuna aliyemsikia akidanganya, lakini hukumu imekwisha kutoka. Asiye na kanisa hana Mungu, asiye na Mungu hana hofu, na asiye na hofu anaweza kufanya lolote.

Tunataka kuchunguza huo mnyororo wa mawazo kiungo kwa kiungo. Hatuandiki juu ya kushambulia dini. Karibu wote tunaokutana katika chama hiki tunasali, wengine kanisani, wengine msikitini. Swali letu ni la mila. Wazee wetu walipomfundisha mtoto kutokuiba, kusema ukweli na kupokea mgeni, waliegemea juu ya nini?

Tunauliza hivyo kwa sababu mara mingi tunasikia maneno mawili yanayopingana. Wengine wanahubiri kwamba wazee waliishi gizani, bila kujua mema na mabaya, mpaka dini ilipofika. Wengine, na hao ni watu wa vitabu, wanasema kinyume: Mwafrika ni mtu wa dini tangu tumbo la mama, hata kulima na kula kwake ni ibada. Ajabu ni kwamba wote wawili wanafika mahali pamoja: bila imani hakuna wema. Basi tufungue vitabu vyenyewe.

2. Tempels na Mbiti walivyotueleza

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Congo mwaka 1933 na kufanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake La philosophie bantoue kilitoka kwa Kifaransa mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Tusisahau nyakati zile. Wazungu wengi waliona kwamba mtu mweusi hana fikra zilizopangwa. Tempels alisimama akasema hapana, watu hawa wako na falsafa, wako na sheria ya wema na ubaya. Kwa hilo tunamshukuru.

Falsafa yenyewe aliieleza kwa neno moja: nguvu. Kuwa ni kuwa na nguvu ya uzima. Kinachozidisha uzima ni chema, kinachoupunguza ni kibaya. Na uzima wote unashuka kutoka kwa Mungu, unapita kwa wahenga, unafika kwa walio hai. Hivyo maadili yote yamefungwa juu, kwa Mungu.

Lakini tusome vizuri. Kama mwizi ni mbaya kwa sababu anapunguza uzima wa jirani, basi tunaweza kuliona kosa lake bila kuuliza nani aliumba uzima ule. Mtoto aliyelala njaa kwa sababu ghala limeibwa ni ushahidi wa kutosha. Katika maelezo ya Tempels mwenyewe, kazi ya kupima inafanywa na uzima wa watu. Mungu anatajwa kama chanzo, na hilo ni jambo la heshima, lakini kipimo kiko hapa chini, kati ya mtu na mtu. Tempels alikuwa mmisionari, na alitafuta ngazi ya kumpeleka Mluba kwenye Injili. Ngazi ile aliipata. Sisi tunaosoma tuko na haki ya kutofautisha nyumba na ngazi aliyoiegemeza.

Baadaye John Mbiti wa Kenya, naye mchungaji na mwalimu wa teolojia, alitoa kitabu African Religions and Philosophy mwaka 1969. Yeye ndiye aliyeeneza wazo kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kupita kiasi, na kwamba dini inapenya kila pembe ya maisha yake. Wazo hilo limependwa sana kwa sababu linatupa sifa. Lakini liko na hatari yake. Ukisema kila kitu ni dini, neno lenyewe linapoteza maana. Kumsalimu mzee ni dini, kugawa nyama ni dini, kuomba mvua ni dini. Sasa tutajuaje tofauti? Mshairi wa Uganda Okot p'Bitek aliwajibu waandishi wa namna hiyo katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship. Aliwalaumu kwamba wanawavisha miungu ya Waafrika nguo za Ulaya ili wafanane na Mungu wa wamisionari.

Hatuna haja ya kuchagua upande mara moja. Mambo ya watu wote wa Afrika ni mapana mno. Tuchukue watu wa jirani ambao mila yao ilichunguzwa kwa makini, tuone.

3. Bwami, shule isiyo na madhabahu

Walega, ambao wengi wanawaita Warega, wako Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na Pangi katika Maniema. Hawakuwa na mfalme mmoja. Kilichowaunganisha kilikuwa Bwami, chama chenye ngazi. Mwanaume aliyekwisha kutahiriwa aliingia kwa kongabulumbu, akapanda polepole mpaka yananio, na wachache walifika kindi, ngazi ya juu kabisa. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao: bombwa, bulonda, na bunyamwa. Mwanaume hakuweza kufika juu peke yake. Mke aliyeingizwa pamoja naye alipanda naye.

Mchunguzi Daniel Biebuyck, Mbelgiji, aliishi Ulega katika miaka ya 1950 na kuhudhuria sherehe hizo. Kitabu chake Lega Culture kilitoka California mwaka 1973. Kiko kwa Kiingereza, na labda ndiyo sababu hapa kwetu kinatajwa zaidi kuliko kusomwa. Ni kitabu kizito, lakini mwalimu akikisoma anatambua mara moja yuko wapi: yuko darasani.

Mafundisho ya Bwami yalitolewa kwa mithali, kwa mamia, zikiimbwa na kuchezwa. Kila mithali ilikuwa na kitu cha kuonyesha: mdomo wa ndege, ganda la konokono, ukucha wa mnyama, sanamu ndogo ya mti au ya pembe ya ndovu. Kuna sanamu yenye nyuso nyingi inayoitwa Sakimatwematwe, Bwana Vichwa-vingi. Fundisho lake ni kwamba mzee wa kweli anaona pande zote za shauri kabla ya kukata neno. Kuna sanamu nyingine ya mwanamke mwenye mimba, Wayinda, inayoonya juu ya uzinzi na mabomoko unaoleta nyumbani. Kuna kakakuona, ile nyama ya pori yenye magamba. Inasemekana magamba yake yanavyopandana ndivyo watu walivyojifunza kuezeka nyumba kwa majani. Nyama ile haikuliwa ovyo. Iligawanywa kwa utaratibu wa Bwami, kwa sababu aliyefundisha watu kujenga anastahili heshima.

Ndugu msomaji, angalia sababu zinazotolewa. Usihukumu haraka, kwa sababu utakosea na watu wataumia. Usivunje ndoa, kwa sababu nyumba itaanguka juu ya watoto. Usile peke yako, kwa sababu uliyoyapata umeyapata kwa mikono ya wengine. Hayo yote ni mambo yanayoonekana kati ya watu. Biebuyck anaonyesha wazi kwamba katikati ya Bwami hapakuwa na madhabahu ya mungu wala kuhani wa kusimama kati ya watu na mbingu. Lengo lilikuwa busoga, neno la Kilega linaloshika pamoja uzuri wa kutazamwa na wema wa tabia. Hata sisi kwa Kiswahili tunasema "mutu muzuri" na hatufikirii uso wake.

Je, Walega walikuwa watu wasioamini Mungu? Hapana, na tusiwasingizie. Jina la Kalaga walilijua. Wahenga waliwaheshimu, miiko walikuwa nayo, na ulozi waliuogopa kama majirani zao wote. Lakini kuamini kwamba Mungu yuko ni jambo moja. Kumfanya Mungu awe sababu ya kila wema na polisi wa kila kosa ni jambo lingine. Mlega alipomfundisha mwanawe, hakuhitaji jambo la pili ili la kwanza libaki.

Mwaka 1948 serikali ya wakoloni iliipiga Bwami marufuku. Sanamu nyingi ziliondoka mikononi mwa wenyewe, na leo unazikuta Tervuren karibu na Bruxelles, unazikuta hata Los Angeles. Wengi waliziona kama miungu ya kuabudiwa. Kwa jicho la mwalimu, ilikuwa ni kama kuingia shuleni, kuchukua ubao, ramani na dunia ya duara, halafu kuandika juu yake: "Vitu vya uchawi."

4. Tuipime Bwami yenyewe

Mtu anayesifu mila bila kuipima haitendei haki. Bwami iko na upungufu, na tutaje minne.

Kwanza, ilikuwa ghali. Kila ngazi ilidai nyama, mali na feza ya konokono. Asiye na jamaa wa kumsaidia alibaki chini hata akiwa na tabia njema. Watetezi wanajibu kwamba gharama ile ilimlazimisha mtu kuishi vizuri na ndugu zake na wajomba zake, maana mgomvi hakuna anayemchangia. Ni kweli kwa sehemu. Lakini maskini mwema ambaye ukoo wake umekwisha, yeye angefanya nini?

Pili, mtu aliweza kutenda mema ili apande cheo tu. Hilo tunalikubali. Ila anayelaumu Bwami kwa sababu hiyo ajiangalie pia. Anayesaidia mjane ili apate mbingu, au ili asichomwe moto, anatofautiana naye wapi? Wote wawili wanahesabu faida.

Tatu, mwanamke. Kumpandisha mke pamoja na mume ni jambo kubwa, na wengi wa wakati ule hawakulifanya. Lakini ngazi yake ilitegemea ya mume. Na ile sanamu ya Wayinda inambebesha mwanamke peke yake aibu ambayo ilihitaji watu wawili.

Nne, jirani alikuwa nani? Mafundisho yale yalijengwa juu ya ukoo na koo zinazoingiliana kwa ndoa. Mtu wa mbali, asiye na mjomba hapa, aliangukia wapi? Hapo dini kubwa zimetupa kitu ambacho hatuwezi kukataa: zimetangaza kwamba hata mgeni asiyejulikana ni ndugu.

Naye Biebuyck tumpime. Alifundishwa zaidi na wakubwa wa Bwami, na mkubwa wa shule siku zote anaeleza shule inavyotakiwa kuwa. Fujo za kila siku zinaonekana kidogo katika kitabu chake. Kwa hiyo hatusemi kwamba Walega walikuwa malaika. Tunasema jambo dogo zaidi, lakini lenye uzito: shule ya wema inaweza kusimama juu ya sababu za kibinadamu, na ile ilisimama kwa vizazi vingi.

5. "Usiku nani anakuona?"

Hoja kubwa dhidi yetu tunaijua. Watu wanasema: mchana unaogopa watu, lakini usiku ukiwa peke yako na sanduku la feza za chama, ni nani atakuzuia kama huamini kwamba Mungu anakuona?

Hoja hii si ya kudharau. Kuna watu waliozuiwa na jicho hilo, na tunafurahi. Lakini tuangalie pia walioliamini jicho hilo na bado wakafungua sanduku. Mwaka 1994 Rwanda, nchi ambayo karibu watu wote walikuwa wamebatizwa, watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyarubuye, na kati ya wauaji walikuwamo Wakristo wa palepale. Walimjua Mungu, waliimba nyimbo zilezile. Imani yao haikuwazuia. Hatusemi kwamba imani iliwatuma. Tunasema kwamba kuamini peke yake siyo kinga.

Na tuseme upande wa pili pia, kwa haki. Hapa Bukavu wote wanamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Wengi walikuwa wakikimbia; yeye alibaki mjini na kuendelea kuwasemea wakimbizi na wenyeji. Nani atasema kwamba imani yake haikumpa nguvu? Ilimpa. Lakini angalia nani anamheshimu leo: Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, hata wasiokanyaga kanisani. Hao wote hawakubaliani juu ya imani yake. Wanakubaliana juu ya tendo lake. Maana yake tuko na kipimo cha wema ambacho tunakitumia pamoja, hata pale dini zetu zinapotofautiana. Kipimo hicho ndicho tunachokitumia pia kumtambua pasta wa kweli na pasta wa uongo. Kama wema ungekuwa tu ni lile analolisema mtu wa dini, tungemhukumu mtu wa dini kwa nini?

Maandiko yenyewe yako na ushahidi. Katika Luka sura ya 10, kuhani na Mlawi wanampita majeruhi njiani, na anayesimama ni Msamaria, mtu ambaye kwa Wayahudi imani yake ilikuwa na kasoro. Yesu hamuulizi Msamaria anasali wapi. Naye Paulo, katika Warumi sura ya 2, anakubali kwamba watu wasiopata Sheria wanaweza kutenda mambo ya Sheria, kwa sababu imo mioyoni mwao. Basi anayesema kwamba asiyesali hawezi kuwa mwema, abishane kwanza na kitabu chake mwenyewe.

Sasa turudi kwa lile sanduku la usiku. Aliyelelewa vizuri haibi kwa sababu amezoea kuwaza sura za wenye mali: mama muuza samaki aliyetoa feranga zake kila juma, kijana aliyeweka ya mahari. Akiwa peke yake bado wako naye. Hiyo ndiyo haya ambayo wazee waliitafuta, na haiji kwa siku moja. Inatengenezwa kwa miaka, kama sanamu ya pembe ya ndovu inavyopakwa mafuta na kusuguliwa mpaka ing'ae.

6. Kazi inayobaki kwa walezi

Mambo haya siyo ya kubishana tu jioni. Yanagusa watoto wetu. Serikali ilizichukua shule za makanisa mwaka 1974, na mwaka 1977 ikapatana na makanisa yazisimamie tena. Tangu hapo shule nyingi za nchi hii ziko chini ya kanisa fulani, na mwanafunzi mmoja anaweza kusoma kozi ya dini na kozi ya uraia na maadili katika juma moja. Lakini mara mingi tunafundisha ya pili kwa sababu za ya kwanza: usifanye hivi, ni zambi. Sababu nyingine hatutoi.

Matokeo tunayaona darasani. Kijana anakua, anafika darasa la tano au la sita la sekondari, anaona kiongozi wa kanisa lake akigombania mali au kuharibu nyumba ya mtu. Anasema: "Mwalimu, kama pasta mwenyewe anafanyaka vile, sisi njo tutaweza?" Kijana huyo hajaacha dini tu. Amepoteza kila sababu ya kutokuiba, kwa maana tulimpa sababu moja tu, tukaitundika juu ya mtu mmoja. Mizigo yote kwenye msumari mmoja: msumari ukitoka, kila kitu kiko chini. Wazee walitumia misumari mingi: mjomba, jina la ukoo, mithali, aibu, uzuri wa tabia, watoto watakaorithi. Mmoja ukilegea, mingine ilishika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mwalimu anayekataza uongo aonyeshe mwanafunzi nani anaumia na uongo huo, kisha anayetaka kuongeza neno la Mungu aliongeze juu yake. Vijana walio na babu na bibi huko Mwenga, Shabunda, Pangi na kwingine kote waandike mithali pamoja na maana zake, kabla wenye kuzijua hawajatutoka; wasiandike tu maneno, waandike pia zilisemwa wakati gani na kwa nani. Na familia inayopokea mchumba au mpangaji isiishie kwa "Unasalaka wapi?" Iende kwa majirani zake wa zamani, iulize: alilipa madeni? Mgonjwa wa mlango wa pili alimtembelea? Mke na watoto aliishi nao namna gani?

Anayesali na anayatimiza hayo, Mungu asifiwe. Asiyesali na anayatimiza, tusimwite mlozi. Na yule anayesali kila siku bila kuyatimiza, wazee wa Bwami wangemwambia angoje kwanza, hajafaa kupanda.